Je, wajua jinsi klabu ya besiboli inavyoamua ni mrushaji gani wa kumpa mkataba mrefu?

Mwaka 2013 klabu ya Detroit Tigers ya Marekani ilikuwa na warushaji watano wa kuanza mechi ambao mashabiki wa besiboli huwazungumzia hadi leo: Justin Verlander, Max Scherzer, Aníbal Sánchez, Doug Fister na Rick Porcello. Kufikia mwaka 2019 hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amebaki, na Detroit ilimaliza msimu ikiwa imeshinda mechi 47 na kupoteza 114. Katika fainali ya World Series ya mwaka huohuo, Washington Nationals iliwaanzisha Scherzer na Sánchez dhidi ya Houston Astros, iliyokuwa na Verlander. Kwa nini klabu iwaachie watu kama hao waende zao, na hutumia vigezo gani kuamua nani abaki?

Mrushaji wa kuanza ndiye anayefungua mechi kwa kumrushia mpira mpigaji wa upande wa pili, na hurusha mara tisini au mia moja hivi kabla ya kupumzishwa. Kwa kuwa msimu una mechi 162 na mkono wa binadamu hauhimili kazi hiyo kila siku, warushaji watano hupokezana zamu. Kanuni za Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani humfunga mchezaji kwa klabu yake mpaka atimize miaka sita ya utumishi, ambapo baada ya mitatu hivi mshahara wake huweza kupangwa kwa usuluhishi. Baada ya hapo huwa mchezaji huru, na klabu inayotaka kubaki naye hulazimika kushindana na klabu nyingine zote. Jambo linalofanya uamuzi kuwa mzito ni kwamba fedha za mkataba hulipwa hata kama mchezaji ataumia na asirushe tena mpira hata mmoja.

Rekodi ya mechi alizoshinda mrushaji haitoshi kumpima, kwa sababu ushindi hutegemea pia wenzake wanavyopiga mpira. Hata wastani wa mikimbio, yaani alama, anayoruhusu kwa kila duru tisa, ambazo ni vipindi vya mechi nzima, unaweza kudanganya, maana mabeki wazuri huokoa mipira mingi iliyopigwa. Wachambuzi hupendelea kuangalia yale yaliyo mikononi mwake mwenyewe: anawatoa wapigaji wangapi kwa straiki tatu, yaani mirusho mizuri ambayo mpigaji anaikosa au kuiacha, bila msaada wa beki yeyote, anawapa wangapi besi (kituo cha kukimbilia) ya bure kwa kurusha ovyo, na kasi ya mpira wake inapanda au inashuka mwaka hadi mwaka. Kisha huja kiwiko. Kano ya upande wa ndani wa kiwiko huvutwa kwa nguvu kubwa katika kila mrusho, na ikikatika hutengenezwa upya kwa upasuaji uitwao Tommy John, kwa jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa na daktari Frank Jobe mwaka 1974. Kupona huchukua mwaka mmoja au zaidi, na warushaji wengi hurudi vizuri, lakini hakuna daktari anayeweza kuahidi kwamba kano hiyo mpya itadumu miaka saba.

Kwa vipimo hivyo, maamuzi ya Detroit yanaeleweka zaidi, ingawa si yote yanayosameheka. Machi 2013 ilimpa Verlander, aliyekuwa ametimiza miaka 30, mkataba wa dola milioni 180 uliomfunga hadi 2019. Mwaka uliofuata aliruhusu wastani wa mikimbio 4.54, na wengi wakaona fedha zimetupwa. Kufikia 2016 alikuwa wa pili katika kura za Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa mwaka, na aliyemshinda, kwa kejeli ya aina yake, alikuwa Porcello, ambaye Detroit ilikuwa imempeleka Boston Desemba 2014 kwa sababu alibakiza mwaka mmoja tu kabla ya kuwa huru.

Scherzer alipewa nafasi ya kubaki. Kabla ya msimu wa 2014 klabu ilimwekea mezani dola milioni 144 kwa miaka sita, akakataa, na Januari 2015 Washington ikamsajili kwa dola milioni 210 kwa miaka saba. Kwa mtu wa miaka 30 bei hiyo ilionekana ya kutisha, lakini takwimu zake zilikuwa zikipanda: aliwatoa kwa straiki wapigaji 231 mwaka 2012, 240 mwaka 2013 na 252 mwaka 2014. Miezi kumi baada ya kumkosa, Detroit ilimchukua Jordan Zimmermann kutoka Washington hiyohiyo kwa dola milioni 110 kwa miaka mitano. Zimmermann alikuwa na umri wa miaka 29, alikuwa amekwisha kupasuliwa kiwiko, na idadi ya aliowatoa kwa straiki ilikuwa imeshuka kutoka 182 hadi 164 katika misimu yake miwili ya mwisho, ingawa alicheza duru zinazokaribiana.

Tarehe 11 Mei 2016 wawili hao walianza mechi moja jijini Washington, Zimmermann akiwa na jezi ya Detroit. Scherzer alirusha mipira 119, kati yake 96 ikihesabiwa straiki, na kuwatoa kwa straiki wapigaji 20 wa klabu yake ya zamani, idadi inayolingana na rekodi ya mechi ya duru tisa. Mkataba wa Zimmermann ulipokwisha mwaka 2020, wastani wake akiwa Detroit ulikuwa umepita mikimbio mitano. Kwa maoni yangu kosa la Detroit halikuwa kumkosa Scherzer, kwani ilimpa ofa ya haki. Kosa lilikuwa kuziba pengo lake kwa mtu ambaye dalili zake zilielekea upande wa pili.

Hata hivyo vipimo havimalizi kazi. Washington iliyopatia kwa Scherzer ilimpa Stephen Strasburg dola milioni 245 kwa miaka saba mwishoni mwa 2019, muda mfupi baada ya kutangazwa mchezaji bora wa World Series. Baada ya hapo alicheza mechi nane tu kabla ya kustaafu kwa majeraha.

Sasa swali limerudi Detroit. Tarik Skubal, anayerusha kwa mkono wa kushoto, alishinda Cy Young mwaka 2024 na tena 2025, na anafikia haki ya kuwa huru baada ya msimu wa 2026, akiwa anakaribia miaka 30. Alipasuliwa kiwiko akiwa chuoni, na mwaka 2022 akapasuliwa mkono tena, kisha akarudi na mpira wenye kasi kuliko awali. Takwimu zake zinafanana na za Scherzer wa 2014, ilhali historia ya mkono wake inamkaribia zaidi Strasburg, na bei yake itawekwa na klabu ambayo itaamua kutazama takwimu hizo kuliko historia hiyo.