Kuta za Cinque Terre na uongo mwingine kuhusu Liguria

"Ukuta usio na saruji ni dhaifu." Tumechoka kulisikia hili. Liguria, mkoa wa pwani kaskazini-magharibi mwa Italia, karibu haina tambarare, milima yake inashukia baharini, na wakulima wa Cinque Terre, vijiji vitano vya pwani hiyo, walilazimika kukata miteremko kuwa matuta ya ngazi na kuyazuia kwa kuta za mawe matupu. Kazi hiyo ina takriban miaka elfu moja. Halafu mtu anaona ukuta mmoja umebomoka, anasema: mwaga zege.

Mvua ikinyesha, maji hupenya udongoni na kukusanyika nyuma ya ukuta. Ukuta wa mawe matupu huyachuja katikati ya jiwe na jiwe. Zege huyafungia: udongo unalowa, unakuwa mzito, unasukuma, na ukuta ukishindwa huanguka kipande kizima na kubomoa tuta la chini. Zege lenye matundu ya kutolea maji hufaa, mpaka matundu yazibe.

Ukijenga, chimba hadi mwamba au udongo mgumu. Mawe makubwa kabisa yakae chini. Kila jiwe likalie mawili, viungo visifuatane wima. Hapa na pale laza jiwe refu linaloingia ndani ya mlima, na uso wa ukuta uegemee mlimani kidogo. Nyuma jaza mawe madogo, si udongo! Wengi huharibu hapo: udongo huziba njia za maji, ukuta unatoa tumbo. Tumbo likionekana, usilipige plasta. Bomoa sehemu hiyo uijenge upya.

Kinachoziua kuta hizi ni kutelekezwa. Reli ya Genova hadi La Spezia, miji miwili ya Liguria, ilikamilika mwaka 1874, karakana za jeshi la majini La Spezia zikahitaji vibarua, na mashamba yakaanza kukosa watu. Mizizi na nguruwe pori wakafanya yao. Tarehe 25 Oktoba 2011, Brugnato, mji mdogo ng'ambo ya mlima, ilipata zaidi ya milimita 500 za mvua kwa siku moja. Vernazza na Monterosso, viwili kati ya vijiji vya Cinque Terre, vikajaa tope. Mvua ya namna hiyo haizuiwi na ukuta wowote, ila matuta yaliyoachwa yalichangia tope hilo.

"Ni vijiji vya wavuvi." Monterosso, sawa, ina dagaa wake maarufu. Vingine viliishi zaidi kwa zabibu na mvinyo. Corniglia hata haigusi maji: iko juu ya jabali, mita 100 hivi, na kutoka kituo cha treni unapanda vidato zaidi ya 370.

"Columbus alizaliwa nchini Italia." Alizaliwa Genova mwaka 1451, ikiwa jamhuri inayojitegemea. Jamhuri hiyo ilianguka 1797, eneo likapewa Ufalme wa Sardinia 1815, na Ufalme wa Italia ukatangazwa 1861. Hesabu mwenyewe.

"Liguria ni joto tupu." Pwani, ndiyo, kwa sababu milima huzuia upepo wa kaskazini, ndiyo maana malimau yanastawi. Lakini Monte Saccarello una mita 2,201, na majira ya baridi una theluji.

"Njia za miguu zinapitika kwa ndala." Hazipitiki, na hifadhi ya taifa ya Cinque Terre hutoza faini. Vaa viatu vyenye soli ya kushika. Na usipande juu ya ukuta kupiga picha: mawe ya juu yanashikiliwa na uzito wake tu.