Matokeo yanahesabiwa na nani? Dhana potofu kuhusu uongozi wa vitengo bingwa vya watoto

Mzazi akiambiwa mwanawe ana tundu kwenye moyo, swali lake la kwanza huwa jina la daktari atakayempasua. Ana haki ya kuuliza. Lakini liko swali la pili ambalo ni wachache wanaolifikia, nalo lina uzito uleule: nani anahesabu matokeo ya kitengo hiki, na akiona watoto wanakufa kuliko inavyopaswa, ana mamlaka gani ya kusimamisha kazi?

Mahali palipolijibu swali hilo kwa gharama kubwa kuliko kote ninakokujua ni Bristol, mji wa magharibi mwa Uingereza. Kitengo chake cha upasuaji wa moyo wa watoto kilichunguzwa na tume iliyoongozwa na Profesa Ian Kennedy, iliyotoa ripoti yake Julai 2001 ikiwa na mapendekezo 198. Tume ilikagua miaka ya 1984 hadi 1995. Ilikadiria kwamba kati ya 1991 na 1995, katika upasuaji wa kufungua moyo, watoto 30 hadi 35 wa chini ya mwaka mmoja walikufa juu ya idadi ambayo ingetarajiwa kwenye kituo cha kawaida nchini humo. Nakileta kisa hiki kwa wasomaji wa Kiswahili kwa sababu nasi sasa tuna vitengo vyetu. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, na watoto ambao zamani wangepelekwa India wanapasuliwa hapahapa. Hilo ni jambo la kujivunia, na ndiyo sababu ya kujifunza mapema namna kitengo kinavyoongozwa.

Dhana: Walikuwa madaktari wabaya, wakafukuzwa, yakaisha

Hivi ndivyo kisa kinavyosimuliwa na wengi, na kina chembe ya ukweli. Mwaka 1998 Baraza la Madaktari la Uingereza liliwakuta na hatia ya utovu wa maadili ya kazi wapasuaji wawili, James Wisheart na Janardan Dhasmana, pamoja na mkurugenzi mtendaji wa hospitali, John Roylance. Shauri lilihusu operesheni za watoto 53. Watoto 29 kati ya hao walikufa. Wisheart na Roylance walifutwa kwenye daftari la madaktari. Dhasmana alizuiwa kupasua watoto kwa miaka mitatu.

Tume ya Kennedy ilipochimba zaidi ilisema wazi kwamba hiki si kisa cha watu wabaya, wala cha watu wasiojali. Walifanya kazi kwa bidii kubwa. Tatizo lilikuwa mahali penyewe na namna palivyopangwa. Madaktari wa moyo wa watoto walikuwa hospitali ya watoto, juu ya kilima. Upasuaji wa kufungua moyo ulifanyikia hospitali nyingine, chini ya kilima, ambako mtoto mchanga aliyetoka thieta alilazwa ICU moja na watu wazima waliopasuliwa moyo. Hapakuwa na mpasuaji hata mmoja ambaye kazi yake yote ilikuwa mioyo ya watoto. Mambo haya mawili yalirekebishwa mwaka 1995, baada ya makaburi mengi. Ukimfukuza mpasuaji ukaacha kilima na ICU vilevile, umemtafutia mrithi wake matatizo yaleyale.

Dhana: Bingwa mkongwe kuliko wote ndiye awe mkuu wa kila kitu

Kwetu hii inaonekana kama adabu tu. Aliyetangulia kazini, mwenye mikono inayoaminika, ndiye apewe idara, kamati na kiti kwenye menejimenti. Nani mwingine anaijua kazi kama yeye?

Bristol walifanya hivyohivyo. Mapema miaka ya 1990 Wisheart alikuwa mpasuaji mwandamizi wa moyo, mwenyekiti wa kamati ya madaktari wa hospitali, na mkurugenzi wa tiba wa taasisi nzima. Hebu jiweke kwenye nafasi ya daktari kijana mwenye wasiwasi juu ya vifo katika upasuaji wa moyo. Unampelekea nani? Kwa mkuu wa upasuaji, ni yeye. Kwa mwenyekiti wa madaktari, ni yeye. Kwa mkurugenzi wa tiba, ni yeye tena. Sidhani kama ni lazima mtu awe dhalimu ili mpango huo uzibe midomo ya watu. Inatosha kwamba kila mlango unafunguka kwenye chumba kilekile.

Tume ilieleza utamaduni wa kikundi kidogo cha watu wenye madaraka makubwa mno, ambapo uliyemjua na ulivyokubalika kwake vilihesabika kuliko hoja uliyoileta. Kwa maoni yangu huu ndio moyo wa ripoti nzima. Kitengo bingwa cha watoto kwa kawaida ni kidogo: wapasuaji wawili au watatu, madaktari wa usingizi wachache, manesi wanaofahamiana kwa miaka. Undugu huo ndio nguvu yao, na ndio unaofanya iwe vigumu kwa mmoja kumwambia mwenzake, mbele ya wengine, kwamba operesheni zake zinachukua muda mrefu kupita kiasi. Kwa hiyo anayepokea malalamiko asiwe yule anayelalamikiwa. Hili ni la kuandikwa kwenye kanuni za taasisi kabla mgogoro haujatokea, maana siku ya mgogoro kila anayejaribu kuliandika ataonekana ana lake.

Dhana: Mkurugenzi hahusiki na mambo ya tiba

Roylance alisimamia msimamo huu: utendaji wa madaktari ni jambo la madaktari, na mkurugenzi mtendaji hawaingilii. Aliitwa mtu wa kuwaamini walio chini yake. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa daktari kwa taaluma, alipelekewa wasiwasi, naye akaurudisha kwa walewale waliolalamikiwa. Alipofutwa alikata rufaa hadi kwenye Baraza la Faragha (Privy Council) mjini London, lililokuwa likisikiliza rufaa za madaktari, na mwaka 1999 rufaa yake ikatupwa. Kukaa kwenye kiti cha utawala hakukumvua wajibu wake kwa wagonjwa.

Mwaka huohuo sheria mpya ya afya ya Uingereza iliweka kwa mara ya kwanza wajibu wa kisheria juu ya kila taasisi ya hospitali ya umma kuhusu ubora wa tiba inayotolewa. Kabla ya hapo bodi iliwajibika hasa kwa fedha. Ilikuwa inawezekana mkurugenzi akajua deni la hospitali hadi senti ya mwisho, asijue ni watoto wangapi waliofia thieta mwezi uliopita.

Juu ya hospitali hali haikuwa nafuu. Tangu 1984 Bristol ilikuwa miongoni mwa vituo vichache vilivyoteuliwa na serikali kupasua mioyo ya watoto wachanga, kwa fedha maalumu kutoka makao makuu. Wizara, vyuo vya madaktari bingwa na hospitali, kila mmoja alidhani ubora unaangaliwa na mwenzake.

Dhana: Takwimu hazikuwepo, ndiyo maana hawakujua

Zilikuwepo, tena kwa wingi. Tume ilisema Bristol ilikuwa imefurikwa na takwimu, na kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 zilitosha kumfanya mtu aulize. Kilichokosekana ni mtu mwenye jukumu la kuzisoma pamoja na kusema: hapa tusimame.

Aliyejaribu alikuwa Stephen Bolsin, daktari wa usingizi aliyefika Bristol mwaka 1988. Aliona watoto wanakaa kwenye mashine inayoshika kazi ya moyo wakati wa upasuaji muda mrefu kuliko alivyozoea kuona kwingine, na vifo vingi. Mwaka 1990 alimwandikia mkurugenzi mtendaji. Kisha yeye na mwenzake wakaanza kukusanya takwimu za kitengo wao wenyewe. Hakupewa kazi hiyo na mtu, wala hapakuwa na meza rasmi ya kuzipeleka, kwa hiyo ilikuwa rahisi kumwona kama mchokozi. Baadaye alihamia Australia.

Tarehe 11 Januari 1995, jioni, wapasuaji, madaktari wa moyo na wa usingizi walikutana kujadili kama mtoto mmoja, ambaye hajafika miaka miwili, afanyiwe kesho yake upasuaji wa kuhamisha mishipa mikuu ya moyo iliyoota kinyume. Bolsin alipinga. Wengine wakakubaliana iendelee. Mtoto alifia mezani. Wazazi wake hawakuwa wameambiwa kwamba kikao hicho kilifanyika.

Dhana: Vifo ni vingi kwa sababu tunapokea watoto mahututi zaidi

Utetezi huu unaweza kuwa wa kweli mahali fulani, na ndiyo maana lazima upimwe. Kwa Bristol wataalamu wa takwimu wa tume waliupima na kukuta kwamba tofauti ya ugonjwa wa watoto haikuweza kueleza pengo lile. Kitengo kinachojitetea hivi bila hesabu kinaomba kuaminiwa tu.

Dhana: Daktari mwaminifu atajua mwenyewe wakati wa kuacha

Hapa pana mifano miwili ya operesheni ileile, miaka ileile, na inastahili kuwekwa bega kwa bega.

London, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, Marc de Leval aliona ghafla vifo vikifuatana katika operesheni zake za kuhamisha mishipa kwa watoto wachanga. Alizikagua zote 104 kwa mbinu za takwimu zinazotumika kufuatilia uzalishaji viwandani, akaenda kujifunza upya kwa wenzake, matokeo yakarudi kuwa mazuri. Mwaka 1994 aliyachapisha yote, makosa yakiwemo, wenzake wote wasome.

Dhasmana naye hakuwa mtu wa kupuuza. Alikwenda Birmingham kujifunza kwa mpasuaji aliyekuwa akifanikiwa, na mwaka 1993, matokeo yalipoendelea kuwa mabaya, aliacha operesheni hiyo kwa watoto wachanga. Lakini kwa watoto waliozidi umri huo aliendelea, hadi operesheni ile ya Januari 1995. Hapakuwa na mtu nje yake aliyekuwa na kazi ya kumwambia kwamba mpaka aliojiwekea haukutosha. Namwonea huruma kwa hilo, na nawaonea huruma zaidi wazazi. Dhamiri ya mtu mmoja haiwezi kubebeshwa mzigo wa kitengo kizima.

Dhana: Mzazi anahitaji faraja, namba zitamchanganya

Baadhi ya wazazi wa Bristol waliambiwa uwezekano wa mtoto kupona kwa kutumia wastani wa nchi nzima, au wa vituo vilivyokuwa vikifanya vizuri. Ya kitengo chenyewe hawakuyasikia. Wakatia saini. Ridhaa ya namna hiyo haijakamilika hata kama kila fomu imejazwa. Mama akiuliza, «Hapa kwenu, mmefanya operesheni hii kwa watoto wangapi, na wangapi wamerudi nyumbani?» daktari wa kitengo kilichopangwa vizuri analo jibu mkononi na halimuudhi. Swali hilohilo liulizwe pale kambi ya wapasuaji wageni inapokuja kwa wiki moja: wakishapanda ndege, nani atamhudumia mtoto akipata homa, na matokeo yake yataandikwa kwenye daftari la nani?

Dhana: Tukitangaza vifo, madaktari watawakimbia wagonjwa wagumu

Hofu hii ina msingi, na jibu lake ni kupima kwa haki: idadi ya waliopona ilinganishwe na idadi iliyotarajiwa kwa kuzingatia uzito wa ugonjwa wa kila mtoto. Ndivyo ukaguzi wa kitaifa wa Uingereza unavyofanya leo. Kila kituo cha moyo wa watoto huchapishiwa matokeo ya siku 30 baada ya upasuaji, mzazi yeyote anaweza kuyasoma.

Bristol yenyewe ilimpata mwaka 1995 mpasuaji wa watoto pekee, Ash Pawade, kutoka Melbourne. Huduma ikaunganishwa katika hospitali ya watoto, na matokeo yakaanza kufuatiliwa. Kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja waliofunguliwa moyo, vifo vilivyokuwa asilimia 29 kati ya 1991 na mapema 1995 vilishuka hadi asilimia 3 katika miaka ya 1999 hadi 2002.