Gwyn: neno la weupe katika Kiwelshi

Anayeanza kujifunza Kiwelshi, lugha ya Wales, akikutana na *ceffyl gwyn*, farasi mweupe, kisha *cath wen*, paka mweupe, hudhani ameona vivumishi viwili. Ni kimoja: gwyn, "-eupe". Sisi tunaosema mweupe, cheupe na nyeupe tusishangae sana.

Kiwelshi hakina ngeli kama zetu, bali jinsia mbili, ya kiume na ya kike. Ceffyl ni ya kiume, cath ni ya kike. Nomino ya kike katika umoja hukigusa kivumishi hiki mara mbili: y hugeuka e, halafu g ya mwanzo hudondoka. Gwyn, gwen, wen. Wingi wake ni gwynion, ingawa siku hizi wasemaji wengi hubaki na gwyn tu. "Nyeupe zaidi" ni gwynnach. "Nyeupe kuliko zote" ni gwynnaf.

Neno limetoka kwenye Kikelti cha kale, windos. Kiwelshi kilitanguliza g kwenye w iliyoanza neno, na ndivyo hata vinum ya Kilatini ilivyozaa gwin, yaani mvinyo. (Mvinyo yetu tuliipata kwa Wareno, lakini ukoo ni uleule.) Kiairishi kilishika njia yake: fionn. Mzizi huohuo umo katika Vindobona, kambi ya Warumi iliyokuwa mahali lilipo jiji la Vienna leo.

Utamu uko kwenye maana. Gwyn ni rangi, na pia ni heri na utakatifu. Pale Biblia yetu inaposema "Heri walio maskini wa roho", ile ya Kiwelshi, tangu tafsiri ya William Morgan ya 1588, husema *gwyn eu byd*: dunia yao ni nyeupe. Gwynfyd, neno lililoungwa kwa gwyn na byd, ni raha kamili. Ipo na methali, *Gwyn y gwêl y frân ei chyw*: kunguru humwona kinda wake mweupe. Mama yeyote anaielewa bila mkalimani.

Zipo hadithi kwamba pengwini ni pen gwyn, "kichwa cheupe". Wataalamu bado wanabishana, na kichwa cha pengwini tunayemjua ni cheusi mno kuwa ushahidi.

Ukikuta wen katika maandishi, usihangaike kulitafuta kwenye herufi W ya kamusi. Fungua G.