Gari la kuvutia boti: anza uvunguni, injini baadaye

Wanaonipigia simu kuhusu gari la kuvutia boti karibu wote huanza na injini. "Fundi, cc 2700 itavuta?" Itavuta. Hata Noah itavuta boti ya futi 16 kwenye lami ya Bagamoyo usiku, foleni ikiwa imekwisha. Kazi yenyewe haiko barabarani. Iko kwenye zile mita 20 za mwisho, unaposhusha tela majini halafu unapopanda nalo likiwa na boti inayochuruzika, saruji ina mwani, na pembeni wamesimama watu wanaosubiri zamu, kila mmoja ana ushauri wake. Gari la mtumba la kazi hii linachaguliwa kwa ajili ya hizo mita 20.

Tupige hesabu ya uzito kwanza, maana hapo ndipo watu hujidanganya. Boti ya faiba ya futi 16 ikiwa tupu huweza kufika kilo 400 hivi. Mashine ya kupachika ya HP 60 ni kama kilo 110. Petroli lita 100, kilo 75. Weka nanga, betri, boksi la barafu, majaketi ya kuokolea, kisha tela lenyewe kilo 200 na ushee. Umeshakaribia tani. Ulaya tela lisilo na breki zake haliruhusiwi kuvuka kilo 750, na matela mengi ninayoletewa hapa Dar es Salaam hayana breki hata za kusingizia. Maana yake breki za gari ndizo breki za boti, na gari likiwa jepesi kuliko kinacholisukuma mgongoni, siku daladala likikata mbele yako pale Mwenge utajua ni nani anaendesha.

Sasa mteremkoni. Tela lililopangwa vizuri huweka kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwenye kiungo cha gari, yaani hapa ni kama kilo 100 zinazokaa nyuma kabisa ya ekseli. Matako ya gari yanashuka, pua inanyanyuka. Ukiwa unapanda, mlima nao unazidi kurudisha uzito nyuma. Matairi ya mbele yanabaki yanagusa tu.

Ndiyo maana sipendekezi RAV4 wala X-Trail kwa kazi hii, ingawa zote mbili zimeandikwa 4WD na kwa safari za Morogoro sina ugomvi nazo. Mfumo wa X-Trail na wa RAV4 za kuanzia 2006 hivi huendesha zaidi matairi ya mbele, na ya nyuma huitwa kusaidia pale ya mbele yanapoanza kuteleza. Kwenye mwani unaanza kwa kuteleza, na ukishateleza na tani moja nyuma yako, unarudi majini. Kile kiungo kinachogawa nguvu kwenda nyuma kikirudiarudia kazi hiyo kinapata moto na kujizima. Tena hazina gia nzito. X-Trail ya T31 (kizazi cha pili) ukiikuta na gia boksi ya mkanda, yaani CVT, ndiyo usiifikirie kabisa.

Unachotaka ni gari lenye kigawanyio cha gia nzito, ile L4 au LL kwenye kijiti cha pili. Kwenye Prado gia hiyo huzidisha nguvu ya kuvuta karibu mara mbili na nusu, na gari linapanda polepole bila wewe kukanyaga mafuta kwa hasira. Kwa boti isiyofika tani, Suzuki Escudo au Grand Vitara yenye gia hiyo inatosha, ila hakikisha imo kweli, si zote zinazo. Ukivuka tani ingia kwenye Prado, Hilux Surf au Land Cruiser.

Kabla hujamsikiliza dalali akikwambia "bosi, hili lilikuwa la mzungu, injini haijaguswa", lala chini ya gari. Mzungu mwenyewe huenda ndiye alikuwa na boti. Gari lililokwisha kushusha boti baharini lina alama zake: kutu iliyopanda kama magamba nyuma ya chasisi, juu ya ekseli ya nyuma na kwenye pembe za ndani ambako maji huingia na hayatoki. Gonga kwa nyundo ndogo. Chasisi nzima inalia, iliyooza inatoa sauti ya debe lenye mchanga. Rangi nyeusi mbichi uvunguni ni sababu ya kugonga mara mbili. Fuata bomba la breki linalokwenda nyuma kwa kidole. Likiwa na vipele, lihesabu ni la kubadilisha leo. Vuta hendibreki mlimani, usivute kwenye yadi iliyo tambarare.

Halafu difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Fungua nati ya juu, chovya kidole. Oili ikiwa imegeuka chai ya maziwa, maji yameingia. Yameingiaje? Difu ikitoka barabarani ina moto. Ukiizamisha ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kama kale kabomba kake ka kupumulia kameziba, itavuta maji kupitia kwenye sili. Beringi za tela hufa kwa njia hiyohiyo, ndiyo maana wenye akili hufika, huzima gari, hupiga soga robo saa na zaidi ndipo washushe. Kabomba ka kupumulia kurefushwa mpaka usawa wa boneti ni kazi ndogo, mfanyishe fundi siku ya kwanza.

Injini sasa, kwa kifupi. 1KZ-TE ya dizeli iliyo kwenye Prado na Surf za miaka ya 1990 ina nguvu tamu ya chini, lakini silinda hedi yake haivumilii joto, na foleni ya Tegeta na tela nyuma, AC imewashwa, ni joto. Fungua mfuniko wa rejeta asubuhi injini ikiwa ya baridi, washa, tazama. Mapovu yasiyoisha, ondoka. 1KD-FTV iliyofuata ina hadithi zake za nozeli za kunyunyizia dizeli. Mimi kwa mtu anayeshusha boti Jumamosi na kwenda ofisini siku nyingine humpeleka kwenye petroli ya 2.7, iwe 3RZ au 2TR: inakunywa, ndiyo, lakini spea zimejaa Gerezani na haina tabo (turbo) ya kukuliza. Land Cruiser yenye 1HZ ni mashine ya maisha, ukipata isiyochoka na bei isiyokufukuza.

Ukichukua otomatiki, pakague pale oili ya gia boksi inapopoozwa, chini ya rejeta. Rejeta ikitoboka kwa ndani, maji na oili vinachanganyika na gia boksi inakwisha bila kukuaga. Penye stiki ivute: nyekundu ni salama, kahawia yenye harufu ya kuungua si salama.

Jambo dogo linaloudhi: Prado nyingi mlango wa nyuma hufunguka kwa pembeni na umebeba tairi la akiba. Tela likiwa limefungwa, mlango unaweza kugota kwenye kigurudumu cha mbele cha tela, na nyavu zako zimo ndani. Surf za kuanzia 1996 hivi mlango hupanda juu.

Mwisho mwombe muuzaji mwende mteremkoni, upande wa Msasani au Kunduchi, na tela la kuazima lenye mzigo. Chagua siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa: hapa bahari hushuka mita 3 na zaidi, na ndipo utaona saruji inapoishia na tope kuanza. Gari lisilopanda siku hiyo kwa gia nzito bila kunguruma usilinunue hata akikupunguzia milioni mbili. Akikataa kwenda, mshukuru, yadi ziko nyingi.