Fahrenheit 451: kupiga picha mji usio na maandishi

Mwaka 1966 François Truffaut alitengeneza filamu kutokana na riwaya ya Ray Bradbury ya mwaka 1953, Fahrenheit 451, na akaianza kwa namna ambayo bado naistaajabia. Paa za nyumba zinapita, antena za televisheni zinasogezwa karibu, kila picha na rangi yake, huku sauti ikitutajia nani ameigiza na nani ameongoza. Hakuna jina lililoandikwa. Kabla hatujaambiwa kwamba katika nchi hii vitabu ni haramu na kazi ya wazimamoto ni kuvichoma, tumeshanyimwa cha kusoma.

Nafundisha vijana upigaji picha na uhariri wa filamu hapa Kisumu, na filamu hii ndiyo ninayoitegemea wanapofika kwenye somo la kupanga kilichomo ndani ya fremu. Kwanza nawatuma Kondele wakaniletee dakika moja ya barabara isiyo na neno lolote. Hawaipati. Matatu imebeba usemi mgongoni, tuktuk ina mstari wa Biblia kwenye kioo, mwenye bodaboda amevaa reflekta yenye nembo, ukutani kuna bango la mganga na tangazo la mkutano wa injili uliokwisha zamani. Wakivikwepa vyote hivyo, gunia la sukari linachungulia kwenye kona ya picha na maandishi yake. Baada ya hapo wanaitazama filamu kwa macho mengine: gazeti analoshika Montag, mzimamoto ambaye ndiye mhusika mkuu, ni vibonzo bila maneno, faili za kituo cha zimamoto zina picha na nambari. Kuna mtu alikaa akaamua kila kimoja kati ya hivyo.

Ndiyo maana Montag anapofungua riwaya ya David Copperfield usiku, mtazamaji anasogea mbele kwenye kiti. Oskar Werner, anayemwigiza, anafuata mistari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, akianzia ukurasa wa jina la kitabu. Mchezo mzima ni kidole na sauti, na unatosha kwa sababu tumekaa na kiu. Na moto nao umepangwa hivyohivyo. Kamera, iliyokuwa mikononi mwa Nicolas Roeg, inakaribia mno: ukurasa unajikunja, pembe inakuwa nyeusi, nasi tunang'ang'ana kuudaka mstari mmoja kabla haujaliwa. Kati ya vinavyoungua limo Cahiers du cinéma, jarida ambalo Truffaut mwenyewe aliliandikia, na kitabu kingine cha Bradbury.

Wapenzi wa riwaya hulalamika kwamba Mbwa wa chuma, mashine inayowasaka watu, ameachwa, mabomu ya mwisho yameachwa, na Clarisse, jirani kijana anayemfanya Montag aanze kujiuliza maswali, ambaye kitabuni hutoweka mapema, hapa anaishi. Mimi naona Truffaut alifanya sawa. Mbwa yule angetufanya tuogope mashine, tusahau kuzikosa herufi. Filamu ya Ramin Bahrani ya mwaka 2018 ilichagua njia nyingine, ikajaza majengo skrini kubwa; moto wake unapendeza macho, lakini hakuna dakika niliyotamani kusoma.

Mwishoni tunafika msituni kwa watu waliokariri vitabu, kila mmoja akijitambulisha kwa jina la kitabu chake. Mzee anayekaribia kufa anamfundisha mtoto Weir of Hermiston, riwaya ambayo Stevenson alifariki mwaka 1894 bila kuimaliza. Theluji inayoanguka haikuwa kwenye mpango. Ilishuka tu, nao wakaendelea kupiga picha. Wapo wanaoniuliza kama kweli kichwa cha mtu kinaweza kubeba kitabu kizima. Waliokulia kwenye matanga yenye mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, hawaulizi hilo, maana wamemsikia akitaja ukoo na sifa za marehemu mpaka alfajiri bila karatasi.

Hapa kwetu mambo yaliwahi kwenda kinyume: kitabu kilitafutwa kana kwamba ni mtu. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa Matigari kwa Kigĩkũyũ mwaka 1986, na alieleza kwamba serikali ilisikia wanakijiji wakizungumza juu ya mtu anayezunguka akiuliza ukweli na haki viko wapi, ikaagiza akamatwe. Polisi walipogundua kuwa ni mhusika wa riwaya, mwaka 1987 walikwenda kukusanya nakala madukani.

Natamani sana mtu aufanyie filamu msako huo. Askari wawili kwenye Land Rover, wanasimama kila kituo cha kununulia chai, wanauliza sura ya mtu huyo, na kila mkulima anawapa sura tofauti kwa uhakika kamili. Haihitaji moto wala fedha nyingi. Inahitaji waigizaji wanaojua kusimulia na mhariri mwenye subira ya kuyaacha majibu yaishe yenyewe. Kijana yeyote mwenye kamera anayelitaka wazo hili, alichukue.