Turubai la kupimiwa: saizi unayotaja na saizi unayopata

Mama yangu ana kibanda cha mboga Kangemi, hapa Nairobi. Fremu yake ya chuma ni mita 3 kwa 4, na mwaka mmojawapo kabla ya masika nilienda kwa fundi nikamwambia hivyo hivyo: turubai la PVC, tatu kwa nne. Nilipolitandaza juu ya fremu halikufika. Nikaligeuza, nikalivuta, wapi. Lilikuwa 2.86 kwa 3.86. Niliporudi kwake fundi hakutikisika hata kidogo. "Kijana, ulisema tatu kwa nne. Mimi nimekata tatu kwa nne."

Na kweli alikata. Kisha akapinda ukingo sentimita 7 kila upande, na sentimita 14 zikaishia ndani ya pindo. Turubai la kupimiwa, kwa maana yake rahisi, ni lile linalokatwa kutoka kwenye jora, likaunganishwa na kupindwa ili litoshee kitu kimoja: bodi la kanta, fremu ya kibanda, tangi, rundo la mahindi. Ni tofauti na lile la dukani linalouzwa limekunjwa, saizi ikiwa imeandikwa kwenye karatasi. Lakini neno "saizi" hapa lina vichwa viwili. Kuna saizi ya kukata na kuna saizi iliyokamilika, yaani baada ya pindo na viungo. Mteja anawaza ya pili, fundi anasikia ya kwanza. Ukitaka 3 kwa 4 iliyokamilika na pindo za sentimita 5, kitambaa kikatwe 3.10 kwa 4.10. Sema neno "iliyokamilika" na uliandike kwenye risiti.

Sasa hicho kitambaa chenyewe. Wengi hudhani PVC ni plastiki tupu. Katikati ya turubai kuna kitambaa cha uzi wa poliesta, kimefumwa kama wavu wa matundu madogo, halafu kikapakwa PVC pande zote mbili. Nguvu iko kwenye uzi. Plastiki kazi yake ni kuzuia maji. Chana kipande cha mabaki pale kwa fundi, uzi utauona ukichungulia ukingoni. PVC yenyewe ni ngumu, ndiyo ile ile ya mabomba ya maji. Inakuwa laini kwa kuchanganywa na kemikali za kulainisha, njia aliyoigundua Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich huko Marekani mwaka 1926. Jua likipiga miaka, kilainishi hicho kinatoka polepole, na turubai linaanza kukakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Tusidanganywe na baridi ya Nairobi: mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na miale ya jua huku juu ni mikali hata siku ambayo umevaa sweta.

Lile jepesi la buluu linalochakarika kwa upepo ni kitu kingine kabisa. Hilo ni polithini. Halishikani na PVC hata ulichomelee mchana kutwa, kwa hiyo usimletee fundi vipande vya aina mbili ukitarajia aviunganishe. Na lile bango la kampeni ulilookota baada ya uchaguzi, lenye mheshimiwa anayetabasamu kichwa chini juu ya viazi, hilo ni PVC kweli, ila kwa kawaida uzi wake ni mwembamba na halikutengenezwa kukaa juani miaka mingi. Msimu mmoja litakufaa.

Unene wa turubai hautajwi kwa milimita. Unatajwa kwa uzito wa mita moja ya mraba. Gramu 450 ni jepesi, 650 ni la kazi za kawaida za lori na kibanda, 900 ni la kazi nzito. Hizo namba nitazirudia mwishoni, maana zina kisa chake.

Jambo linalowashangaza wateja zaidi ni jora. Jora lina upana wake, na upana huo ndio unaoamua bei kuliko unavyodhani. Tuchukue jora la upana wa mita 2 na oda yetu ya 3.10 kwa 4.10. Fundi akikata kwa urefu, atahitaji kipande kimoja cha upana mzima na kingine cha sentimita 114, vikilaliana sentimita 4 kwenye kiungo. Vyote viwili vina urefu wa 4.10, kwa hiyo jora linatoka mita 8.2. Akikata kwa upande mwingine, vipande viwili vizima vya urefu wa 3.10 vinampa 3.96, na baada ya pindo turubai linakuwa 3 kwa 3.86. Hapo jora limetoka mita 6.2 tu. Sentimita 14 zimekugharimu mita 2 za kitambaa! Kama fremu bado haijachomelewa, uliza kwanza upana wa jora, ndipo umwambie mtu wa chuma akate paipu zake. Sisi tulifanya kinyume, na fremu ikawa bosi wetu.

Lakini usiangalie bei peke yake, kwa sababu upande wa kukata ndio unaoamua kiungo kitalala wapi. Maji yakiteremka sambamba na kiungo hayana neno nacho. Yakikikata, lazima kipande cha juu kilalie cha chini, kama mabati yanavyopangwa. Kikigeuzwa, kila tone linaloteremka linagonga mdomo wa kiungo likitafuta pa kuingilia.

Kiungo chenyewe huchomelewa, hakishonwi. Turubai la zamani la kitambaa cha pamba lilishonwa bila wasiwasi, kwa kuwa uzi wa pamba ukilowa unavimba na kuziba tundu la sindano. PVC haivimbi. Tundu la sindano linabaki tundu. Ndiyo maana fundi hutumia mashine ya hewa moto: anaingiza mdomo wake kati ya vipande viwili, plastiki inayeyuka, na kirola kinafuata nyuma yake papo hapo kukandamiza. Akienda kasi, kiungo kinashika kwa juu juu. Akichelewa, plastiki inaungua, inageuka kahawia, na moshi wake unawasha macho. Ukiusikia moshi huo, toka nje na umwombe afungue mlango. PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi, na kifua hakiipendi.

Kupima kiungo ni rahisi. Kikishapoa, shika pembe yake uibandue kwa nguvu. Kizuri hakiachani: plastiki inanyofoka kutoka kwenye uzi kabla kiungo hakijaachia. Kikibanduka safi kama stika, mrudishie.

Pindo nalo si urembo. Ndani yake hupitishwa kamba, na juu yake hupigwa zile pete za chuma ambazo mafundi huziita aileti, aghalabu kila baada ya nusu mita. Pete iliyopigwa kwenye kitambaa cha tabaka moja itang'oka upepo wa kwanza wa maana. Kwa kibanda, acha mteremko wa kutosha na ulikaze. Maji ya kina cha sentimita 5 yakituama kwenye mita 2 za mraba ni kilo 100, gunia zima la mahindi na ziada, yakining'inia juu ya kichwa cha mteja.

Kwa lori usipime bodi, pima mzigo. Chukua kamba, ianzie pale turubai litakapofungwa upande mmoja, ipande juu ya mzigo, ishuke upande wa pili. Bodi la upana wa mita 2.2, mzigo uliopanda sentimita 60 juu ya kingo, na turubai linaloshuka sentimita 30 chini ya kingo kila upande, tayari ni mita 4. Madereva wanaoleta viazi soko la Marikiti hawahitaji kuambiwa hili.

Turudi Kangemi. Mama aliposikia hesabu ya fundi alisema basi atauza sukuma wiki kavu upande mmoja na ya kulowa upande mwingine. Nikaagiza la pili kwingine, gramu 650, 3 kwa 4 iliyokamilika. Lile la kwanza nalo niliuziwa kama la 650. Jirani yetu hununua vyuma kuukuu na ana mizani ya kuning'iniza, kwa hiyo tuliyapima yote mawili. La pili likasoma kilo 8 na kidogo, kama hesabu inavyotaka. La kwanza, ambalo kwa kitambaa alichokata lilipaswa kukaribia 8, likasoma tano na nusu. Mama akagawanya kwenye simu yake, akanionyesha kioo: gramu 450 kwa mita.