Je, wajua kwa nini plastiki iliyofichwa ndani ya simu hung'aa kuliko kioo cha kujitazamia?

Pale Birere, hapa Goma, fundi wa simu alikuwa amefungua kioo kilichopasuka. Nyuma yake zilitoka karatasi nyembamba zilizopangana kama kurasa: za ukungu za kusambaza mwanga, zenye mifereji midogo inayokwaruza ukucha, na ya mwisho iling'aa kama fedha. Nilijitazama humo, nikaziona hata kope zangu.

"Bati hiyo?" nikauliza.

Akachukua mita yake ya kupima kama umeme unapita, akagusisha ncha zote mbili juu ya karatasi. Kimya. Akazigusisha kwenye bisibisi, mita ikalia. "Ni plastiki tu, mama."

Lakini plastiki isiyo na rangi, kama ya chupa ya maji, huachia mwanga upite. Hii inaurudishaje?

Nenda Kituku asubuhi, boti zinapotia mafuta. Tone likidondoka ziwani hutanda, na rangi za upinde wa mvua hutokea, ingawa mafuta yenyewe hayana rangi hizo. Mwanga husafiri kama mawimbi. Sehemu yake hudunda juu ya utando wa mafuta. Nyingine hupenya na kudunda chini, mafuta yanapokutana na maji. Zinaporudi pamoja, kilele kikikutana na kilele, rangi hiyo hupata nguvu. Kilele kikikutana na bonde, hufifia. Anayechagua rangi ni unene wa utando.

Karatasi ya fundi ni kisa hicho hicho kilichorudiwa mamia ya mara. Plastiki za aina mbili, zinazopinda mwanga kwa viwango tofauti kidogo, hupishana tabaka kwa tabaka. Kila mpaka kati ya tabaka mbili unaweza kurudisha mwanga kidogo mno, tuseme sehemu 1 kati ya 1,000, lakini mipaka ikiwa mingi na unene ukiwa sawasawa, marejeo yote huungana. Kwa rangi ya kijani, tabaka moja huwa na unene wa nanomita 90 hivi. Milimita moja ina nanomita 1,000,000. Nyembamba zaidi hurudisha bluu, nene kidogo hurudisha nyekundu. Ukizichanganya zote katika karatasi moja, rangi zote hurudi, na jicho huona fedha.

Hakuna mtu anayebandika tabaka hizo moja moja. Plastiki huyeyushwa, mkondo wenye tabaka hukatwa, vipande vikapandishwa juu ya vingine, kisha hukatwa tena. Anayepika chapati za kukunja anaijua hesabu hii: 2 huwa 4, 4 huwa 8, na ukirudia mara 10 umefika 2,048. Kisha karatasi huvutwa mpaka iwe nyembamba.

Huko kuvuta ndiko kunakonifurahisha zaidi. Vioo vya tabaka vya kawaida vina udhaifu: mwanga ukija kwa kulala, mitetemo yake ya upande mmoja hupenya badala ya kurudi. David Brewster wa Scotland aliieleza kanuni ya pembe hiyo mwaka 1815. Plastiki iliyovutwa, hata hivyo, hupinda mwanga kwa namna tofauti kwa urefu, upana na unene. Mwaka 2000, watafiti wa kampuni ya 3M ya Marekani, akiwemo Michael Weber, walionyesha katika jarida la Science kwamba ukioanisha kiwango cha kupinda mwanga cha plastiki zote mbili upande wa unene, udhaifu huo huondoka. Karatasi za namna hiyo hurudisha zaidi ya asilimia 98 ya mwanga. Alumini safi hurudisha 90 hivi.

Ukiivuta upande mmoja tu, unapata karatasi nyingine kabisa: hupitisha mitetemo ya upande mmoja na kurudisha ya upande wa pili. Kioo cha LCD, yaani skrini inayomulikwa na taa ya nyuma, kina kichujio kinachopitisha mitetemo ya upande mmoja tu; bila msaada huo, kichujio hicho humeza karibu nusu ya mwanga wa taa. Kwa karatasi hii, nusu hiyo hurudi nyuma, huvurugwa, kisha hujaribu tena kupita. Kwetu ambako umeme hukatika bila kuaga, betri inayodumu si jambo dogo.

Fundi alipuliza vumbi, akairudisha karatasi mahali pake kwa kibano. Kipande kilichochanika alimpa mtoto wa jirani, naye akaanza kurusha mwanga wa jua kwenye ukuta wa mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo.